Uzi wa nyota: tuisome anga tukianzia hapa hapa Mombasa

Mwana_wa_Bandari (mwanzisha uzi), 14 Februari

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa majahazi. Kwake yeye kaskazini ilikuwa Jaa na kusini ilikuwa Suheli. Hata akikuelekeza dukani alikwambia, "Shika njia, kisha pinda Suheli." Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba yale ni majina ya nyota. Jaa ni ile nyota ya kaskazini isiyohama mahali pake usiku kucha. Suheli ni nyota ya pili kwa kung'aa katika anga yote ya usiku.

Nilipoanza kusoma elimu ya falaki, kila kitabu nilichoshika kilianza na Jaa: itafute kwanza, kisha nyingine utazipata. Nikapanda juu ya paa siku tatu mfululizo na sikuiona. Baadaye nikaelewa. Urefu wa Jaa juu ya upeo wa macho unalingana na umbali wako kutoka ikweta. Ukiwa Maskati iko juu kiasi cha nyuzi 23. Ukifika karibu na Kismayu, palipo mstari wa ikweta, inagusa maji. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo kwetu imezama nyuzi 4 chini ya upeo. Mabaharia wa hapa walilijua jina lake, lakini ili kuiona ilibidi watweke tanga waende zao juu. Hata meli za Vasco da Gama zilizoondoka Malindi na rubani aliyepatikana huko Aprili 1498 ziliiona tena nyota hiyo siku chache tu baada ya kung'oa nanga. Walikuwa hawajaiona kwa muda mrefu.

Vile vitabu vyangu havikukosea. Viliandikiwa watu wa mbali kaskazini. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, tuisome anga tukiwa tumesimama hapa. Na anga yetu imebarikiwa jamani. Mtu wa London, aishi miaka mia, hatauona Msalaba wa Kusini wala Suheli akiwa kwao. Sisi wa karibu na ikweta, mwaka ukizunguka, tumeziona karibu nyota zote za mbinguni, za huku na za kule. Isitoshe, kwetu nyota hupanda wima kutoka baharini na kushuka wima upande wa bara. Kule kaskazini hupanda kwa mshazari.

Basi tuanze usiku huu. Ni kaskazi, mbingu kavu. Saa mbili usiku tafuta mahali utakapozipa mgongo taa za bandari ya Kilindini. Mama Ngina panafaa, ukitazama bahari. Weka simu mfukoni dakika 20 macho yazoee giza. Pande za dunia hazitakutatiza, kwani Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, na misikiti yetu yote imeelekea huko. Ukijua kibla, umejua pande zote nne.

Inua uso mpaka utosini. Utaona nyota tatu zimepangwa sawasawa kwenye mstari mfupi. Huo ni mkanda wa Jabari, lile kundi la nyota la Orion. Upande wa kibla wa mkanda kuna nyota yenye wekundu, ni Ibuti la Jauza, ambayo programu za simu huiandika Betelgeuse. Upande wa Likoni, yaani kusini, kuna nyeupe ya kukaribia samawati, Rigel. Fuata mstari wa mkanda uelekee upande wa baharini, utafika kwenye nyota inayozishinda zote kwa mwanga. Hiyo ni Shira. Rudi ufuate mstari ule ule upande wa pili, utapita nyota moja ya rangi ya chungwa, kisha utafika kwenye kijishungi cha nyota ndogo ndogo zilizosongamana. Hicho ni Kilimia chetu. Mwisho geuka uitazame Likoni. Ile nyota nyeupe iliyo peke yake, chini kidogo ya nusu ya njia kati ya upeo na utosi, ndiyo Suheli ya mjomba.

Atakayetoka leo aje aseme alichokiona.

Bint_Kibokoni, 14 Februari, saa 3:40 usiku

Shukran sana kaka. Nimetoka na wanangu wawili na tumeziona zote, Kilimia tumehesabu sita. Mdogo ameuliza swali nikakosa jibu: mbona moja nyekundu na nyingine ya samawati? Nimemwambia nyekundu ndiyo yenye moto zaidi. Nimemwambia sawa?

Mwana_wa_Bandari

Dada, mwanao ameuliza swali kubwa. Ni kinyume. Sote mabomba ya maji yametuzoesha kwamba nyekundu ni moto na buluu ni baridi, lakini nyota zafuata kanuni ya fundi chuma. Chuma kikianza kushika moto huwa chekundu. Kikizidi huwa rangi ya chungwa, kikizidi zaidi huwa cheupe. Kingeweza kuendelea bila kuyeyuka kingepiga usamawati. Uso wa Ibuti la Jauza una nyuzi joto kama 3,300. Jua letu ni kama 5,500. Rigel inakaribia 12,000. Kwa hiyo jicho tupu linakusomea joto la kitu kisichofikika.

Mtu atauliza, kama Ibuti la Jauza ni ya "baridi", mbona yang'aa vile? Kwa ukubwa. Ungeitoa pale ukaiweka mahali pa Jua, ingetumeza sisi na ikapita mzunguko wa Mirihi. Ni nyota iliyozeeka, imefura, na siku moja italipuka. Siku hiyo kwa hesabu za falaki yaweza kuwa makumi ya maelfu ya miaka kutoka sasa.

Na nyota ni nini hasa? Ni Jua, na Jua ni nyota, tofauti kubwa kwetu ni umbali. Ni tonge la gesi, sehemu kubwa hidrojeni, linalojikandamiza kwa uzito wake lenyewe. Katikati ya Jua joto hufika nyuzi milioni 15, na kwa joto hilo viini vya hidrojeni hugandamana vikawa heliamu. Kila sekunde tani kama milioni nne za maada hugeuka nishati. Nishati hiyo ndiyo inayotuunguza mchana pale feri. Jua limekuwa hivyo kwa miaka kama bilioni 4.6 na lina akiba ya kama bilioni 5 nyingine.

Yamejulikanaje haya na hakuna aliyekwenda? Kwa kupasua mwanga. Ukiupitisha mwanga wa nyota kwenye kioo cha pembe tatu, unatanda kama upinde wa mvua, na ndani yake mna mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake, kama alama za vidole. Heliamu ilitambuliwa kwenye mwanga wa Jua mwaka 1868, miaka 27 kabla ya kupatikana hapa ardhini. Mwaka 1925 mwanamke kijana, Cecilia Payne, ndiye aliyeonyesha kwamba nyota ni hidrojeni na heliamu kwa wingi. Wakubwa wa fani hawakumkubali mara moja, ikaja kuonekana kwamba alisema kweli. Mwambie bintiyo habari hiyo, kama mdogo ni binti.

Fundi_Tudor, 15 Februari

Nami nilikuwa nje jana. Mbona nyota nyingi zinameta na nyingine imetulia tuli?

Mwana_wa_Bandari

Inayotulia aghalabu ni sayari. Nyota iko mbali mno hata inatufikia kama ncha ya sindano, na hewa ikitikisika ule mwanga hutikisika nao. Sayari iko karibu, ina upana kidogo, mtikisiko haujulikani. Tano unaweza kuziona kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Zuhura ndiyo wazee waliyoiita ng'andu. Huonekana ama jioni baada ya magharibi ama alfajiri, kamwe haikai katikati ya usiku, kwa sababu mzunguko wake uko ndani ya wetu na haiachani sana na Jua.

Fundi_Tudor

Sawa yakhe. Sasa "mbali mno" ni mbali kiasi gani? Nipe kipimo ninachoweza kukishika.

Mwana_wa_Bandari

Chukua chungwa la sentimita 8, liweke mlangoni pa Fort Jesus. Hilo ndilo Jua. Dunia ni punje ya mchanga isiyofika milimita moja, iweke mita 8 na nusu kutoka chungwa. Sasa chungwa lingine, Alpha Centauri, ambayo ni miongoni mwa nyota za jirani kabisa, utaliweka wapi? Si Mtwapa, si Nairobi. Peleka Khartoum, Sudan, na upite kidogo. Zaidi ya kilomita 2,300. Kati ya machungwa hayo mawili karibu ni utupu mtupu. Mimi hili lilinikosesha usingizi nilipolifanyia hesabu mara ya kwanza.

Ndiyo maana wanafalaki wameacha kilomita wakashika mwaka wa nuru, yaani umbali ambao mwanga hukata kwa mwaka. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20. Wa Alpha Centauri, miaka 4.4. Wa Shira, miaka 8.6. Wa Kilimia, miaka kama 440. Mwanga wa Kilimia waliouona watoto wa Kibokoni juzi uliondoka huko wakati Fort Jesus ilikuwa haijajengwa. Ujenzi wake ulianza 1593.

Fundi_Tudor

Na walipimaje? Mimi ni mtu wa futi na timazi, siamini mpaka nione kamba.

Mwana_wa_Bandari

Unastahili jibu. Ukivuka na feri ya Likoni, itazame boya iliyo karibu na minazi ya ng'ambo. Feri ikisogea, boya yaonekana imehama mbele ya minazi. Kadiri kitu kilivyo karibu ndivyo kinavyohama zaidi. Ukijua umesogea mita ngapi na boya imehama pembe gani, wapata umbali wake bila kuloana. Feri yetu ni Dunia. Januari tuko upande mmoja wa Jua, Julai tuko upande wa pili, tumesogea kilomita milioni 300. Nyota ya karibu huhama kidogo mbele ya za mbali. Ni kidogo mno, ndiyo maana mtu wa kwanza kutangaza kipimo cha kutegemewa, Friedrich Bessel, alikipata 1838 tu, kwa nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 11. Karibuni chombo cha angani cha Gaia, kilichorushwa 2013, kimepima hivyo zaidi ya nyota bilioni moja. Kamba ipo, fundi.

Mama_Kongowea, 19 Februari

Samahani naingilia. Mimi nafanya biashara sokoni, mwaka jana iliyumba. Nikaambiwa na mtu kuwa nyota yangu imefungwa, nikatoa pesa nyingi isafishwe. Mwanangu wa kidato cha pili amenisomea uzi huu. Hizi nyota zenu ndizo hizo?

Mwana_wa_Bandari

Mama, karibu sana, hujaingilia kitu. Pole kwa yaliyokupata.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. "Nyota" ya bahati ni namna ya kusema, kama tunavyosema mtu ana mkono mwepesi. Nyota za juu ni gesi na moto, na iliyo jirani kabisa iko Khartoum kwa kipimo cha chungwa. Hakuna mkono wa mtu unaofika kuifunga wala kuisafisha.

Wapo wanaotumia buruji kumi na mbili, Hamali, Thauri, Jauza mpaka Hutu, wakakwambia umezaliwa chini ya ipi. Majina hayo ni ya makundi ya kweli ya nyota. Lakini mhimili wa Dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja kwa miaka kama 26,000. Tangu hesabu za buruji zilipowekwa, anga imeshasogea karibu buruji nzima. Tarehe 21 Machi wanajimu husema Jua linaingia Hamali. Lipime angani, bado liko Hutu. Fedha yako irudi kwenye mtaji, mama. Na huyo mwanao nunulie darubini ndogo ya macho mawili siku ukijaliwa.

Mama_Kongowea

Nimekusikia mwanangu. Ahsante.

Mzee_wa_Mtongwe, 22 Februari

Wanangu, nimewasoma kwa siku nyingi nikinyamaza. Mimi mvuvi tangu utotoni. Kilimia si cha kutazama tu. Sisi tuliambiwa: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na jina lake ni kulima, kilikuwa kinamwambia mkulima ashike jembe. Wazee walihesabu na miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwanzo wa mwaka wa jua, wakajua kusi litaingia lini na kaskazi itakatika lini. Kwa mwezi tulijua bamvua na maji mafu. Sasa vijana waangalia simu.

Mwana_wa_Bandari

Shikamoo mzee. Uzi huu ulikuwa unakungoja wewe.

Naomba niongeze sababu chini ya maneno yako. Dunia ikizunguka Jua, kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana yake, yaani saa mbili mapema kila mwezi. Kwa hiyo nyota ni kalenda. Kilimia huchomoza baharini giza likiingia mwezi wa Novemba, wakati wa vuli. Huzidi kusogea magharibi mpaka mwisho wa Aprili, masika imeshika, hupotea ndani ya mwanga wa machweo. Jua liko mbele yake. Juni hurudi upande wa pili, alfajiri. Mwezi mwandamo peke yake usingemsaidia mkulima, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Nairuzi yafuata Jua, na Kilimia chafuata Jua, vikaoana.

Na bamvua: mwezi huvuta bahari, Jua nalo huvuta, kwa nguvu kama nusu ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, vyote viwili viko kwenye mstari mmoja na Dunia, vinavuta pamoja, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta upande wake, ndiyo maji mafu. Mzee unajua haya kwa miguu yako matopeni kuliko mimi kwa kusoma.

Mzee_wa_Mtongwe

Marahaba. Umesema sawa. Ongeza hili: bamvua haiji siku ile ile ya mpevu, huja siku moja mbili baadaye.

Mwana_wa_Bandari

Kweli mzee, bahari huchelewa kuitikia. Naliandika hapa lisomeke na wote.

Mwana_wa_Bandari, 8 Machi

Tangazo. Tarehe 10 Machi hivi Jua litapita utosini kabisa mwa Mombasa, na litapita tena tarehe 3 au 4 Oktoba. Katikati ya siku hizo mbili, kuanzia Machi, Jua la adhuhuri liko upande wa kibla na kivuli chako chaangukia Likoni. Baada ya Oktoba ni kinyume. Hii yatokana na Dunia kulala nyuzi 23 na nusu. Nairobi, Kismayu, Tanga, kila mji una siku zake. London haina hata moja. Simamisheni kitu wima. Wakati wenyewe si saa sita kamili, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki hupangwa kwa mstari ulio mashariki yetu. Subirini saa sita na nusu.

Fundi_Tudor, 10 Machi

Nimesimamisha bomba la mita moja kwenye ndoo ya mchanga, nikalinyoosha kwa timazi. Saa 6:10 kivuli chembamba upande wa bara. Saa 6:31 hakuna. Kimeisha chote chini ya bomba, mwanga umeingia ndani ukaonekana duara kwenye mchanga. Vibarua wote waliacha kazi wakaja kuchungulia. Mimi nina miaka 40 na jua hili, sikuwahi kuliona likifanya hivyo.

Bint_Kibokoni

Sisi tulitazama kisima cha zamani cha nyumba ya nyanya. Jua lilikuwa limekaa chini kwenye maji.

Mtoto_wa_Ngomeni, 2 Aprili

Mmesahau kwetu. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, sikukuu ya uhuru, jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Malindi lilirusha setilaiti ya Marekani, ikapewa jina Uhuru.

Mwana_wa_Bandari

Sijasahau, nilikuwa nangoja aje mwenye nayo aseme. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei za angani peke yake. Hewa yetu huzizuia eksirei, kwa hiyo lazima utoke nje ya hewa. Na ikweta ni mahali pazuri pa kurushia, maana Dunia yenyewe hapo inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi hupata msukumo wa bure. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Mojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kikimeta kwa haraka isiyo ya kawaida, na kwa kukifuatilia ndipo wanafalaki walipopata shimo jeusi la kwanza lililokubalika, mabaki ya nyota iliyojiangukia hata mwanga usitoke. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipewa Nobeli mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo katika historia ya mashimo meusi, na chombo chenyewe kilianzia safari kwenye maji yetu.

Mzee_wa_Mtongwe, 29 Aprili

Leo Kilimia sikukiona. Mvua inanyesha tangu asubuhi.

Mwana_wa_Bandari

Basi kimezama kwa mvua, mzee. Tukutane Juni.

Bint_Kibokoni, 15 Juni, saa 12:40 asubuhi

Tuko Shelly Beach, tumevuka na feri ya alfajiri mimi na watoto, na mzee wa Mtongwe ametukuta hapa. Saa kumi na moja na nusu kimetoka, upande wa kushoto kidogo wa mahali Jua lilipokuja kuchomoza, urefu wa ngumi moja juu ya maji ukinyoosha mkono. Mawingu machache tu, mvua hakuna. Mimi nimehesabu sita. Mdogo asema saba, na mzee amemwambia asimame hapo hapo, amwonyeshe ya saba iko wapi.